Mguu wa Tano wa Twiga wa Filomena

Tangu turudi kutoka Sur sijapumzika. Nikienda kununua mkate naulizwa, nikitoka msikitini naulizwa kabla sijavaa viatu: ilikuwaje? Kila mtu nimempa kipande chake, na sasa vipande hivyo vimekutana mjini na havifanani. Jana nimeambiwa kwamba Bi Zuhura alichukuliwa na meli mpaka Bombay akarudishwa kwa ndege. Basi nimekaa na kalamu niwaandikie wote mara moja. Shule niliiacha Tabora nikiwa darasa la sita, kwa hiyo msitazame mwandiko. Lakini katika safari hii mimi ndiye niliyekuwa dereva na mkalimani, na pale gari lilipokwama mchangani, punda vilevile.

Kwa msiomjua, Ami Khalfan ni jirani yangu hapa Nizwa, Omani, mzee wa Unguja mjini. Ujanani alifanya kazi ya udobi miaka miwili ndani ya meli ya abiria iliyoitwa Filomena, iliyokuwa ikitoka Ulaya ikipita pwani yetu mpaka Durban. Hilo hakuna anayelibisha. Kinachobishwa ni twiga. Ami husema kwamba katika ukumbi wa chakula wa meli ile kuna ubao mkubwa uliochongwa wanyama wa Afrika, na twiga aliyemo ana miguu mitano. Habari hiyo ameisema miaka thelathini na ushei. Hapa kwetu mtu akitia chumvi katika maneno yake huambiwa, "Huyo sasa twiga wa Khalfan." Hata vijana waliozaliwa hukuhuku, wanaochanganya Kiswahili na Kiarabu mpaka hujui wameanzia wapi, neno hilo wanalijua.

Na mbishi kuliko wote ni mkewe, Bi Zuhura.

Majira haya ya baridi gazeti lilitoa picha ya meli ya kitalii itakayotia nanga mbele ya Sur siku moja tu, Jumatano, ili abiria wake wakaone jangwa na ile pwani ya kasa ya Ras al Jinz. Meli nyeupe, dohani mbili, jina la kigeni lisilotamkika. Ami aliishika picha ile akaisogeza puani.

"Huyu Filomena," akasema. "Wamempaka nyeupe, wamembadilisha jina, lakini mgongo ule naujua. Hakuna meli nyingine yenye mgongo ule."

Baraza zima likacheka. Bi Zuhura alikuwa nyuma ya pazia, upande wa wanawake, na sauti yake haihitaji pazia lifunguliwe.

"Twende basi, Bwana Khalfan! Nikimwona huyo twiga wako kwa macho yangu haya, ana miguu mitano, nitasimama hapa mbele ya watu wote niseme mie Zuhura nimekosa. Lakini akiwa na minne, sitaki tena habari za meli katika nyumba hii. Wala za dobi. Wala za bahari."

"Nimekubali," akasema Ami.

Watu wakazidi kucheka. Mimi nilikuwa karibu naye na nikaona kwamba yeye hacheki. Fikirini wenyewe: hadithi za Ami Khalfan zote ni za meli. Mkimnyang'anya hizo, atabaki kuuliza kama leo kuna joto.

Nizwa mpaka Bidbid

Tuliondoka baada ya Alfajiri kwa pikapu yangu ya milango minne. Ami alivaa kama anakwenda kuposa: dishdasha iliyopigwa pasi na yeye mwenyewe (udobi haujamtoka), kilemba, bakora, na hanjari, kisu cha babu yake, kiunoni. Bi Zuhura alikuja na buibui jipya na kikapu cha vitumbua na mikate ya kumimina. Alikaa nyuma, akakishika kikapu kama mtoto mchanga.

Mtu wa Nizwa anayekwenda Sur anaweza kukata njia kwa Sinaw akaokoa muda mwingi. Bi Zuhura akasema tupite Bidbid, barabara ya mkato inamtia kichefuchefu.

"Wee toka lini una kichefuchefu?" akauliza Ami.

"Toka niolewe."

Mashua ya mwisho ya kurudi melini ilikuwa saa tisa na nusu za alasiri, ndivyo lilivyosema gazeti. Baada ya hapo meli inang'oa nanga. Ami alikuwa akilitazama jua, akiitazama saa yangu, kisha akilitazama jua tena kuhakikisha kwamba saa haisemi uongo.

Bidbid ndipo barabara inapogawanyika, huku Maskati, huku Ibra na Sur, na kwa hiyo kila mtu husimama pale, hata asiye na haja. Tuliingia katika mkahawa wa mtu mmoja wa Malabar, Uhindi, anayepika chai ya maziwa nzito. Ami, kwa kuwa hawezi kunywa chai kimya, akamwambia kwa Kiarabu kwamba anakwenda Sur kuangalia meli yake. Yule mpika chai akasimamisha birika hewani, akamtazama vizuri.

"Wewe ndiye yule mzee wa twiga?"

Ami akageuka kunitazama. "Mpaka Bidbid?"

Kumbe jamaa ana ndugu yake anayeshona nguo Nizwa, mtaa wa pili kutoka kwetu. Akatuletea parata juu ya parata bila kuulizwa, akamsihi Ami arudi kwa njia hiyohiyo amwambie ni miguu mingapi, kwa sababu katika mkahawa wake watu wamekwisha gawanyika. Bi Zuhura alicheka mpaka akalowanisha mtandio. Tukapoteza nusu saa nzima.

Ibra, soko lisiloingia mwanamume

Tulipokaribia Ibra Bi Zuhura akapiga bega langu.

"Seif, mwanangu, leo si Jumatano?"

Nikasema ndiyo, Jumatano, hata meli inakuja Jumatano.

"Basi nishushe sokoni. Dakika kumi tu."

Msiowahi kufika Ibra, jueni kwamba Jumatano asubuhi lipo soko la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na mwanamume akitia mguu pale hutoka kwa mbio alizozisahau tangu utotoni. Bi Zuhura akaingia na kikapu chake. Mimi na Ami tukabaki kwenye ukuta, kwenye kivuli kilichokuwa kikipungua, pamoja na wanaume wengine kumi na punda mmoja.

Dakika kumi zikapita. Ikapita saa nzima. Wale wanaume wengine walikuwa wamezoea. Mmoja alikuja na mto.

"Hii hila," Ami akasema. "Kwanza kichefuchefu, sasa soko. Mwanamke huyu anataka tufike Sur tuione meli kwa mgongo."

"Twende tukamwite, Ami."

"Tukamwite wapi? Hebu jaribu weye."

Nilijaribu. Nilifika kwenye nguzo ya kwanza, nikaambiwa maneno ya Kiarabu ambayo sikuyasoma shuleni, nikarudi. Ami akamsimamisha ajuza mmoja aliyekuwa akiingia na fungu la majani ya henna, akamwomba kwa adabu zote amwambie mkewe, mwanamke mnene wa Kiswahili mwenye kikapu, kwamba wakati umekwenda. Yule bibi akaingia. Baada ya kitambo akatokeza kwenye nguzo, akapaza sauti ili wanaume wote wasikie.

"Mkeo anasema, ukichoka kungoja, mhesabu miguu huyo punda!"

Mwenye mto akaamka kwa kucheka. Ami akamtazama punda, na wallahi nilimwona midomo yake ikihesabu.

Bi Zuhura alipotoka hakuwa peke yake. Alifuatana na mwanamke wa Kizungu, mtu mzima wa miaka sabini hivi, mwenye kofia ya nguo iliyojaa vibeji vya meli. Shingoni alining'iniza daftari kwa kamba, na kwenye paji la uso alipandisha barakoa ya kibedui kama miwani ya jua.

"Basi lao limemwacha," akasema Bi Zuhura. "Ametoka melini asubuhi na wenziwe, wakaletwa hapa. Mabibi wa kibedui wakamkalisha chini wamfunge barakoa, wakabishana ipi inamfaa, na wenziwe wakenda zao. Ningemwacha?"

Ami alikuwa ameshafungua mdomo kugomba. Akaufunga. Alikuwa akivitazama vile vibeji.

"Kutoka melini?" akauliza. "Meli gani?"

Ibra mpaka Sur

Jina lake alisema ni Hilda. Sisi tukamwita Bi Hilda naye akaridhika. Alikuwa mwalimu huko kwao Uingereza, amestaafu, na yumo katika kikundi cha watu wanaopenda meli kuukuu. Mimi Kiingereza changu nilikiokota kwa kuendesha magari ya wahandisi. Nakijua cha pampu na cha mabomba, lakini siku hiyo kilinyooka. Alinieleza kwamba meli hii ni miongoni mwa chache sana zilizobaki. Nyingi za rika lake zimekwisha katwa vyuma. Hii imeuzwa mara tatu na kupewa majina matatu, lakini jina lake la kwanza, alilozaliwa nalo, ni Filomena.

Nilipolitafsiri hilo, Ami alipiga magoti yake kwa viganja vyote viwili. Akajipinda kitini kumtazama Bi Zuhura, na Bi Zuhura akawa anatazama mchanga wa nje kwa hamu kubwa.

Bi Hilda amesafiri nayo mara kumi na moja. Likizo zake zote na pensheni yake zimekwenda humo. Alipojua kwamba Ami alikuwa dobi wa Filomena alitoa kalamu na kuanza kumtahini. Chumba cha udobi kilikuwa wapi?

"Mwambie chini kabisa, huko nyuma upande wa tezi," akasema Ami. "Mlango wa chuma una kizingiti kirefu. Kila mgeni lazima aumie ugoko."

Nikatafsiri. Bi Hilda akapiga ukelele, akavuta soksi yake chini, akatuonyesha kovu kwenye ugoko. Ami naye akapandisha dishdasha akaonyesha lake. Yakafanana kama mapacha. Bi Zuhura alimpa yule mwanamke kitumbua kwa mkono wake, na kabla ya kufika mji wa Al Kamil Bi Hilda alikuwa ameshakula saba, kila kimoja akidhani ni cha mwisho, maana hakujua kwamba kwa Bi Zuhura anayemaliza huongezwa.

Ndipo Bi Zuhura akasema, kwa sauti tamu kabisa, "Seif, hebu muulize mgeni wetu habari za twiga."

Nikauliza, na miguu yake ni mingapi. Bi Hilda akafurahi. Ubao wa wanyama anaujua sana, ameuchora katika daftari lake. Akafungua ukurasa. Tembo, simba, pundamilia wawili, na twiga anayekula majani juu ya mti. Akasema ni kazi nzuri mno, kila mnyama yuko kamili.

"Anasema nini?" akauliza Bi Zuhura.

"Anasema hakumbuki vizuri," nikajibu. Mungu anisamehe.

Lakini Bi Zuhura alikuwa amekwisha liona daftari, na Bi Hilda, masikini, kwa kutaka kusaidia, akaniinulia vidole vinne mbele ya kioo changu.

"Lahaula," akasema Bi Zuhura. "Vidole vya Kiingereza navyo ni vinne."

Wapo walioniuliza kama ni kweli Ami Khalfan alinyamaza. Ni kweli. Barabara ni ndefu kutoka Al Kamil kwenda Sur, na yeye alikaa mikono juu ya bakora kama mtu anayetoka kuzika. Mara moja tu alisema, karibu na mwisho.

"Muulize, nyuma ya twiga, upande wa mkia, pana nini?"

Bi Hilda akasema pana kabati la sahani, limepigiliwa ukutani.

"Wakati wangu palikuwa wazi," akasema Ami.

"Naam," akasema Bi Zuhura. "Sasa limezuka kabati."

Sur

Tuliiona meli kabla ya kuuona mji. Ami akanigusa mkono nikasimamisha gari kando, na muda tuliokuwa tukiulilia tangu Bidbid hakuna aliyeukumbuka.

Mimi nimeona meli nyingi za mizigo Maskati, makasha juu ya makasha, kama ghala lililojifunza kuelea. Hii ilikuwa kitu kingine. Omo yake ilichongoka na kuinama mbele kidogo, kama mtu anayesikiliza. Ubavu wake haukunyooka. Ulianza juu mbele, ukashuka taratibu katikati, ukapanda tena mpaka tezi, na tezi yenyewe ilikuwa mviringo kama kijiko. Dohani mbili ziliegemea nyuma kama zinapigwa na upepo na meli imesimama. Bi Hilda, aliyekuwa ameiona mara kumi na moja, alifuta macho kwa barakoa. Ami aliweka mkono kifuani.

"Amezeeka vizuri," akasema.

"Kuliko wengine," akasema Bi Zuhura, lakini kwa sauti ndogo, na naye alikuwa akitazama.

Tulifika gatini saa nane kasorobo. Mashua za meli zilikuwa zikienda na kurudi. Bi Hilda akamweleza ofisa wa meli, kijana wa Kizungu mwenye kaptula nyeupe, jinsi tulivyomwokoa, na kwamba huyu mzee ni dobi wa zamani wa meli hiihii. Yule kijana alimpa Ami mkono kwa heshima. Akasema kisu hakiingii melini.

Sijawahi kumwona Ami bila hanjari siku ya kutoka. Nilijiandaa kwa matata. Lakini Ami aliufungua mkanda palepale gatini mbele ya watu, akaukunja, akaniwekea mikononi. Akabaki amesimama, dishdasha imemlegea kiunoni, tayari.

Kisha kijana akamaliza maneno yake. Kila abiria anaruhusiwa kumpandisha mgeni mmoja. Mmoja tu, arudi na mashua ya mwisho.

Bi Hilda akabisha. Akabisha sana, mpaka vibeji vikalia. Kijana akainua mabega. Amri si yake. Nikatafsiri, na nikaona ni jambo jepesi: mgeni ni Ami, nani mwingine?

Ami hakusogea.

"Nikenda mie," akasema, "nikirudi nitasema mitano. Nani ataniamini?"

Mashua ilikuwa ikigongagonga gati.

"Bi Zuhura, nenda weye."

Bi Zuhura akadhani anatania. "Mie? Mie naijua meli?"

"Kuhesabu unajua. Na tangu nikuoe sijakukamata na uongo hata mmoja. Ukisema minne, itakuwa minne."

Mwanamke yule, ambaye tangu alfajiri hakukosa jibu, alinipa kikapu, akakusanya buibui lake, akashikwa mkono na baharia mmoja huku na Bi Hilda huku, akaingia mashuani. Tulimsikia akimsomea baharia aya za kinga mpaka walipofika mbali.

Aija

Tuliizunguka hori tukaenda upande wa pili, Aija, kwa sababu kutoka pale meli inaonekana nzima. Tulikuta Wazungu sita wamepanga kamera zao juu ya miguu mitatu mitatu ("Hata hizi zina miguu ya kubishaniwa," akasema Ami), mbele ya nyumba moja ya zamani ya wafanyabiashara. Hawa walikuwa wa kikundi kilekile cha Bi Hilda, lakini wenyewe hawapandi. Huifuata meli kwa nchi kavu, bandari kwa bandari, waipige picha ikiwa nzima. Mwenye nyumba aliwaona wageni wamesimama juani ukutani kwake, na hilo hakulivumilia. Alitandika mkeka, akaleta kahawa na tende na sinia la halwa. Wakawa wanapiga picha kwa mkono mmoja na kushika kikombe kwa mkono wa pili, hawajui jinsi ya kukataa.

Walikuwa wakibishana. Mmoja anasema dohani ya nyuma ni ya kweli, mwingine anasema ni pambo tu. Nikamtafsiria Ami.

"Ya nyuma haina moshi," akasema. "Tupu ndani. Siku za mvua sisi madobi tulikuwa tunaanika humo. Siku moja suruali ya nahodha ilipeperushwa ikatokea juu, abiria wote wa daraja la kwanza wakaiona."

Nilipotafsiri, kamera zikaachwa. Wote sita wakaketi mkekani kumzunguka, daftari zimefunguliwa. Wakamuuliza sabuni ilikuwa ya aina gani. Wakamuuliza king'ora kililia mara ngapi kutoka Mombasa, na sakafu ya sitaha ilisuguliwa kwa kitu gani. Kila alichosema waliandika. Mmoja alimwomba arudie habari ya suruali polepole. Ami Khalfan, anayezibiwa masikio Nizwa, alisikilizwa Aija kama kadhi. Nilingoja awaambie habari ya twiga. Wapi! Mwenye nyumba mwenyewe, aliyekuwa akitega sikio, akamuuliza kama meli ile ina ajabu nyingine.

"Ipo moja," akasema Ami. "Lakini hiyo nangoja shahidi."

Na macho yake hayakutoka kwenye maji.

Saa tisa na nusu tulikuwa tumerudi gatini. Mashua ya mwisho ikaja, na ndani yake abiria mmoja tu, mweusi tii kwa buibui, amekaa wima katikati. Bi Zuhura alishuka ameshika biskuti zilizofungwa katika kitambaa cha karatasi. Goti la buibui lake lilikuwa na vumbi. Ami alimsogelea.

"Nitasema Nizwa," akasema Bi Zuhura. "Nilipoweka ahadi ndipo nitakapoitimiza."

"Bi Zuhura..."

"Nizwa, Bwana Khalfan."

Hapo meli ikapiga king'ora. Si mlio wa siku hizi. Ulikuwa mzito, unaingia kwa miguuni. Ami alijifunga hanjari yake haraka haraka kama mtu aliyeitwa kazini, akasimama wima mpaka ikageuka na kwenda.

Kurudi

Tulilala kwa jamaa zangu Sur. Asubuhi tukaanza safari, na Bi Zuhura hakufungua mdomo ila kula biskuti. Ami alijaribu kila njia. Alimsifia buibui. Alijitolea kumshusha Ibra, ijapokuwa ilikuwa Alhamisi. Mpika chai wa Bidbid alitukimbilia gari halijasimama, akauliza miguu mingapi. Bi Zuhura akamwambia amuulize ndugu yake jioni. Nilimwona Ami kwenye kioo amezeeka tangu jana. Nadhani alikuwa akizipitia hadithi zake moja moja na kuziaga.

Habari ilikuwa imetutangulia. Baada ya Laasiri baraza lilijaa mpaka kwenye ngazi. Bi Zuhura hakukaa nyuma ya pazia. Alilifungua, akasimama mlangoni, mtandio umemkaa sawa.

Akasimulia yote: mashua, ngazi, mazulia. Akasema ukumbi wa chakula una mwanamume anayepiga piano na abiria wanakunywa chai. Akamwona twiga. Akahesabu: minne. Akahesabu tena: minne. Hapa vijana walianza kupiga makofi, na Ami aliinamisha kichwa.

"Nikataka kuondoka," akasema Bi Zuhura. "Kisha nikalitazama kabati. Mie kabati lolote nikiliona nataka kujua nyuma yake pamefagiliwa. Nikapiga magoti chini, nikasogeza uso kwenye upenyo. Yule wa piano akadhani nasali. Akaacha kupiga. Watu wote wakanyamaza, wakaweka vikombe chini, mwanamume mmoja akavua kofia. Nami niko sakafuni, nina haya, siwezi kuinuka upesi wasije wakajua sisali. Bi Hilda akanipa kurunzi yake."

Watu wa barazani wakajisogeza mbele.

"Upo," akasema. "Nyuma ya kabati, upande wa mkia. Mchongaji aliukosea, wakaona aibu, wakaufunika. Bi Hilda amesafiri mara kumi na moja hajaujua. Alipouona alikaa chini kabisa. Miaka yote hii nimemwita mume wangu muongo mbele yenu. Mie Zuhura nimekosa. Naomba radhi."

Sikumbuki nani alianza kumpa Ami mkono. Yeye alikuwa ameshika kilemba chake, hajui akivue au akivae. Bi Zuhura akangoja kelele zitulie.

"Ila kimoja tu," akasema. "Si mitano. Sita."

Ami aliruka kama aliyekaa juu ya kaa la moto. "Sita? Sita imetoka wapi? Mitano!"

"Mie nilikuwa na kurunzi, Bwana Khalfan. Sita."

"Bi Zuhura, usitie chumvi! Nimefanya kazi mle miaka miwili! Mitano!"

Watu walikuwa wameanguka juu ya mito. Nusu ya baraza ikawa ya mitano, nusu ikawa ya sita, na ndiyo sababu habari mlizozisikia hazifanani. Mimi nilibeba sinia la vikombe kulipeleka jikoni, nikamkuta Bi Zuhura anakoroga sufuria.

"Shangazi," nikamwambia, maana siku hizi namwita hivyo, "niambie mie tu. Mingapi?"

Akachungulia mlango.

"Mitano. Ule wa tano mfupi kidogo, kama anavyosema siku zote."

"Sasa?"

"Sasa ningesema mitano, leo wangempa mkono, kesho wangezungumza mengine. Miaka thelathini wanamsikiliza kwa kuwa wanambishia. Atakaa vipi pale nje akiwa hana wa kumbishia?"

Sauti ya Ami Khalfan ilikuwa ikitufikia kutoka barazani, amewashika watu, amerudi mwanzo kabisa, kwenye mlango wa chuma wenye kizingiti kirefu. Bi Zuhura akafunika sufuria, akasikiliza kidogo mpaka Ami akafika kwenye dohani.

"Suruali ya nahodha," akasema. "Hiyo mpya. Sijapata kuisikia."

Akajifuta mikono, akarudi kwenye pazia kwenda kuibisha.